Nilimpa marehemu meno yasiyo yake: wabunifu, kasoro tuiache au tuifute?

MchoraKondele (mwanzisha uzi)

Wadau, uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite. Jambo lenyewe limenikaa kooni wiki mbili sasa.

Nina kibanda cha kudizaini na kuchapa hapa Kondele, Kisumu. Kompyuta mbili, printa moja yenye kikohozi. Nusu ya kazi yangu ni matanga. Aliyeishi upande huu wa nchi anaijua ratiba: mwili unatoka mochari Alhamisi au Ijumaa, Jumamosi mtu anazikwa, kwa hiyo picha ya marehemu inanifikia Jumatano usiku kwa WhatsApp. Mara nyingi ni picha iliyopigwa kutoka kwenye picha nyingine. Mng'ao wa balbu umetua kwenye paji la uso, kidole gumba cha aliyeishika kimeingia pembeni. Kutokana na hiyo, kabla jogoo hajawika, natakiwa nitoe kijitabu cha kurasa 12, bango la kufunga mbele ya gari, na picha kubwa ya kusimamisha kando ya jeneza.

Safari hii marehemu alikuwa nyanya wa miaka themanini na kitu, kwao karibu na Ahero. Picha yake ilikuwa afadhali kuliko ninazoletewa. Ameketi kwenye kiti cha mbao nje ya nyumba, leso kiunoni, anacheka hadi jicho moja limefumba.

Mimi nikaona kazi. Kovu juu ya nyusi ya kushoto, futa. Makunyanzi, punguza. Kivuli cha mwembe shavuni, ondoa. Nikaitia kwenye programu ya akili unde ya kusafisha nyuso, nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi, ngozi ilikuwa laini kama beseni jipya. Nikachapa nakala 200, nikazipiga stepla, nikalala saa tisa usiku na roho nyeupe.

Asubuhi akaja binti yake mkubwa. Mama wa makamo, mtulivu. Akachukua kijitabu cha juu, akakitazama, akakipeleka mlangoni penye mwanga, akakitazama tena. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kijana wangu, huyu ni nani?"

Nikadhani nimekosea jina. Nikaanza kulisoma herufi moja moja. Yeye akaweka ukucha kwenye mdomo wa marehemu. "Haya meno ni ya nani?"

Programu ilikuwa imempa meno ya chini. Sita, meupe, yamepangwa kama ya mtangazaji wa televisheni. Wajaluo hapa hawahitaji kuelezwa. Kwa wengine: wazee wetu wa zamani waling'olewa meno sita ya mbele ya taya la chini wangali vijana, ikawa ndiyo alama kwamba umekua na wewe ni mtu wa nyumba hii. Nyanya yangu mwenyewe hakuwa nayo. Nimekua nikilitazama pengo hilo kila akinisimulia hadithi. Na bado niliketi mbele ya skrini nisione kitu, kwa sababu nilikuwa natafuta makosa ya picha, sikuwa namtazama mtu.

Hakunifokea. Alisema tu, "Wajukuu watauliza." Nikachapa upya zote 200 kwa hela yangu, kutoka picha ileile ilivyokuja, kovu, kivuli cha mwembe na vyote. Kijitabu cha mwisho nilikipiga stepla gari likinguruma nje.

Sasa swali langu. Nafuatilia wabunifu wa nje ambao kasoro ndiyo biashara yao. Herufi zilizokatwa kwa mkasi, rangi iliyovuka mstari, karatasi yenye madoa, na wanalipwa vizuri. Mimi nikimpelekea mteja wa hapa Kisumu kitu chenye ukingo uliochanika ananiambia, "Bado hujamaliza." Nikilainisha kila kitu, naambiwa huyu ni nani. Kasoro ipi tuiache, ipi tuifute, na anayeamua ni nani?

JabalaBusia

Pole kwa hasara, lakini umejitakia. Mteja akitaka kovu libaki, aseme.

Haya mambo ya uzuri wa kasoro ni ya watu walioshiba. Kuna Mmarekani, David Carson, alikuwa anapanga kurasa za jarida la muziki la Ray Gun. Mwaka 1994 akaona mahojiano ya mwanamuziki Bryan Ferry hayana ladha, basi akayapanga kwa Zapf Dingbats, ile fonti ya nyota, mikasi na vialama, lisisomeke hata neno moja. Anasifiwa mpaka leo. Hebu fanya hivyo kwenye ratiba ya mazishi ya mtu wa Ugenya, tuone kama utaiona Jumapili.

MchoraKondele

😂 Nitaiona, ila nikiwa ndani ya kijitabu cha mwenzangu.

NyarDunga

Jabala, "aseme" vipi? Nani humwambia fundi cherehani "tafadhali usinikate mkono"? Kuna mambo mtu hayasemi kwa sababu hajawahi kufikiri yanaweza kuondolewa.

Na mimi hilo neno "kasoro" lenyewe nalitilia shaka. Huko pwani mwanya wa meno ya juu ni sifa, mtu anachumbiwa nao. Kidoti shavuni, asiyezaliwa nacho anakichora kwa wanja. Hebu mfikirie huyo mwanamke. Amekaa mbele ya kioo, uso umeshatulia, poda imekaa, kisha kwa mkono wake mwenyewe anaweka doa. Haliweki katikati, wala hafanyi mawili yalingane kushoto na kulia. Analiweka pembeni kidogo ya mdomo ili jicho la mtazamaji lipate pa kutua. Doa la ukubwa uleule likiwa la wino wa kalamu, mtu anakimbilia maji. La wanja anaenda nalo harusini.

Nimekulia Dunga. Shangazi yangu alikuwa mfinyanzi, na hakuwa na gurudumu. Alikuwa anapanga kamba za udongo moja juu ya nyingine, na badala ya kukizungusha chungu, alikizunguka yeye, ameinama, kinyumenyume, nyayo zake zimechora duara mchangani. Ukikipima kwa bikari hakuna chungu chake hata kimoja kilicho duara kamili. Ukikitia maji na kukiweka kichwani, kimetulia.

Halafu kuna Urewe, hapo Siaya. Mwaka 1948 watafiti wa mambo ya kale walichapisha habari za vyungu vilivyopatikana huko, vya wakulima wa zamani sana wa kandokando ya ziwa. Wakaviita vyungu vya kitako chenye kibonyeo, maana vingi vina kishimo kidogo cha duara chini, kama mtu aliyekitia kidole udongo ukiwa bado mbichi. Mistari ya shingoni imechorwa kwa uangalifu mkubwa, sambamba, hakuna aliyekuwa na haraka. Kisha chini, mahali ambapo mgeni haoni, kibonyeo. Nikiwa nimekwama na kazi naitazama picha ya hicho kitako kuliko ninavyotazama vitabu vya ubunifu.

MwalimuMstaafu

Vijana, mmenichekesha. Hiyo rangi iliyovuka mstari mnayoiona ya kisasa, sisi tuliiosha mikononi kwa mafuta ya taa.

Nilianza kazi ya kutunga mitihani enzi za sikilostaili, ile mashine ya kurudufu kwa stensili. Unatoa utepe kwenye taipureta ili chuma cha herufi kikate stensili chenyewe. Ukiipiga o kwa hasira, katikati yake inadondoka, na kwenye karatasi linatoka tone jeusi. Neno "ogopa" lilikuwa linamkodolea mtoto macho mawili meusi kabla hajasoma swali. Wanafunzi walikuwa wajanja. Walijua mtihani umetoka shule gani kwa kuangalia e iliyolala upande.

Baadaye zikaja Riso, mashine za Kijapani, na nadhani hakuna mtu aliyesoma sekondari nchini humu ambaye hajafanya mtihani uliotoka kwenye Riso. Ile mashine inachapa rangi moja kwa wakati mmoja, kila rangi na silinda yake. Ukitaka nembo ya shule iwe nyekundu na maandishi meusi, karatasi inapita mara mbili, na mara ya pili haitui palepale ilipotua ya kwanza hata uisihi. Na wino wake haukauki vizuri, ukiupitishia kidole umekuachia kumbukumbu. Tuliilaani sana.

Mwaka jana mpwa wangu aliyeko Uingereza akaniambia wasanii wa huko wanachapa mabango yao kwa Riso, tena wanaitafuta kwa sababu ya huko kuvuka mstari na huko kuachia wino. Nikamuuliza, wanalipwa au wanalipia? Akasema wanalipia. Riso ya shule niliyostaafia imefunikwa shuka kwenye stoo, juu yake wameweka mipira ya netiboli.

Ila niseme na hili, maana uzi unazungumzia dhambi. Mimi nilikata watoto alama kwa doa la wino. Mtoto amejibu sawa, mwandiko unasomeka, lakini kuna doa, basi alama mbili zimeenda.

RejistaMbili

Niko kwenye mashine ya ofseti hapa Nakuru mwaka wa 17. Hilo la rangi kuvuka mstari acheni niliseme mimi, maana ndilo limenizeesha.

Kwenye ofseti rangi ni nne, samawati, majenta, manjano na nyeusi, kila moja na pleti yake, yaani bati la kuchapia. Pembeni mwa karatasi tunaweka alama za msalaba. Misalaba minne ikilaliana ukaona mmoja, rejista imekaa. Ukiona miwili, mteja anarudisha kazi.

Sasa kuna siku mwenye mkahawa mmoja aliniletea bango, picha ya kikombe, na akataka majenta ihame kulia milimita mbili "ili ionekane imekosewa". Nikacheka moyoni. Nikasema leo nimeletewa kazi ya kulala. Karatasi 1,500. Nikasogeza pleti, za kwanza zikatoka milimita mbili safi. Nilipofika kama mia tatu, mvua imeanza, karatasi zimevuta unyevu na kutanuka, majenta imefika milimita tatu na nusu na imeanza kugusa bei ya chai. Nikasimamisha. Nikarekebisha. Nikaendelea, ikarudi moja. Ndugu zanguni, siku hiyo nilitoka jasho kuliko siku ninazochapa kalenda. Kukosea milimita mbili mara 1,500 kunahitaji mashine isiyokosea.

Tangu hapo nikiona bango lenye "kasoro", natafuta nakala mbili nizilinganishe. Kasoro ikiwa imekaa palepale kwenye zote, huyo mtu alikuwa macho. Ikiwa inachezacheza, fundi alikuwa kwenye simu.

Na jamani, hili halina uhusiano na uzuri wala nini, nawaomba tu: maandishi madogo meusi yawekeni nyeusi peke yake. Mkiyajenga kwa rangi zote nne, ikihama hata kidogo yanapata vivuli vya buluu na nyekundu, na msomaji anadhani macho yake yameharibika.

MamaChekechea

Na mimi niulize, kwa nini wabunifu mnaicheka fonti ya Comic Sans? Mwanangu wa kudizaini alinifutia kwenye kadi zote za darasa. Nilikuwa naitumia kwa sababu a yake ni ile a tunayowafundisha watoto kuandika, duara na kijiti, si ile ya vitabu yenye kofia.

NyarDunga

Mama, umewajibu wote waliosomea hii kazi. Vincent Connare aliyeichora mwaka 1994 alikuwa Microsoft, aliona mbwa wa katuni kwenye programu anazungumza kwa Times New Roman, akaona haiwezekani mbwa aongee kama gazeti. Akaichora kwa ajili ya vile viputo vya maneno. Tatizo lilianza ilipowekwa kwenye mabango ya hospitali na notisi za kufukuza wapangaji. Darasani kwako iko nyumbani. Rudisha.

FundiRangi_Nakuru

Hamjambo. Mimi kompyuta siijui, binti yangu ndiye anaandika hapa ninavyomwambia, na nimemwambia asirekebishe. Naandika mabango kwa brashi tangu 1996. Vibanda, vinyozi, makanisa, shule, matatu.

Kwanza, hili la kukosea kwa makusudi si geni kwa mtu wa brashi. Naanza kwa kupiga kamba yenye chaki ya buluu, ya juu na ya chini. H inagusa kamba. Lakini O naivusha, juu kidogo na chini kidogo, unene wa ukucha. Ukileta rula ni kosa. Ila ukiigusisha kamba sawasawa kama H, rudi nyuma hatua kumi, utaiona imenyauka, imekuwa mtoto kati ya wakubwa. Mzee aliyenifundisha alinigonga vidole kwa kijiti cha brashi siku niliyoifanya sawa. Akasema, wewe unamwandikia rula au unawaandikia watu?

Pili, mstari ulionyooka najua kuupiga kuliko mtu yeyote hapa. Mwaka 2004 sheria za matatu za waziri Michuki zilipoanza kutekelezwa, michoro ikafutwa kwenye matatu na kila gari likatakiwa liwe na mkanda wa manjano kuzunguka. Nilipiga mkanda huo magari mangapi, sijui. Bandika utepe juu, bandika utepe chini, paka, bandua. Hela ilikuwa nzuri. Mke wangu aliniuliza mbona siku hizi huimbi ukiwa kazini.

Tatu ndilo linaloniuma. Kuna kijana alipita mtaani kwetu miaka kadhaa iliyopita na kamera, akapiga picha mabango ya vinyozi. Nikampa na chai. Baadaye nikaona bango kubwa la biashara moja barabarani, herufi zake ni zangu. Nimezijuaje? R. R yangu ina mguu mrefu unaotoka nje, kwa sababu kidole cha kati cha mkono wangu hakikunjiki vizuri, nilikatwa na bati mwaka 1999. Nikifika kwenye mguu wa R brashi inakwenda mbali kuliko ninavyotaka. Sasa ile bango ilikuwa na R tano, na zote tano mguu umetoka sawasawa kabisa. Kompyuta imenakili ajali yangu, na mimi sikuitwa hata kutazama.

Na wakati huohuo mwenye kibanda ananiambia, "Mzee, nifanyie iwe kama ya printa."

JabalaBusia

Shikamoo mzee. Hapo kwa mwenye kibanda ndipo nilipokuwa naelekea, umenisaidia kufika.

Anayetaka herufi zinyooke kama za printa hajakosa jicho la uzuri. Anajua hesabu zake. Bango likipinda, mnunuzi anajua hapa pana njaa, anaanza kuomba apunguziwe. Mwenye mkahawa wa jengo la vioo anaweza kupinda herufi zote anavyotaka, kwa sababu vile vioo vimeshamwambia mteja kwamba pesa ipo. Kasoro ya tajiri inaitwa mtindo. Ya maskini ni kasoro tu. Mimi nauza vipuri vya baiskeli na pikipiki mpakani, kule kule wazee wetu walikoanzia kuvusha watu kwa baiskeli na kuita "boda, boda", na bango langu nimelichapa kwa mashine, limenyooka, limekufa, halina roho. Na mauzo yamepanda. Mniambie nifanye nini.

NyarDunga

Hapo sina jibu, Jabala. Umesema kweli na inakera.

Mzee FundiRangi, hilo la O ni lenyewe. Wenye fonti wote wanafanya unachofanya na kamba yako. Kuna fonti ya Kijerumani, Futura, ya Paul Renner, ilitoka 1927. Ukiitazama unaapa ilichorwa kwa bikari na rula tupu. Kumbe O yake inavuka mistari, na pale ambapo duara la b linakutana na kijiti chake wino umepunguzwa taratibu, la sivyo pangeonekana pana fundo. Na Google walipobadilisha nembo mwaka 2015, watu wakaiwekea G yao duara juu wakagundua haiingii, wakapiga kelele kwamba wabunifu hawajui bikari. Wanajua. Wangeifanya duara kamili ingeonekana imekosewa. Hata e yao ya mwisho waliiacha imeinama.

Kwa hiyo kunyooka kwenyewe ni uongo mdogomdogo uliopangwa vizuri. Hilo ndilo linanifanya nisiogope sana mkono wa mtu.

MwalimuMstaafu

Kwa hiyo O inavuka mstari na mimi nilikuwa nawakata watoto alama kwa kuvuka mstari. Haya.

ChebetNjoro

Nimesoma kimya nikaona nichangie la jikoni. Nyumbani kwetu kuna sotet, kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kilipasuka kabla mimi sijazaliwa. Nyanya akakitoboa vitundu pande zote mbili za ufa, akakishona kwa ukano kama unavyoshona kiatu, kisha akapitisha shanga juu ya mshono, nyeupe na buluu. Vibuyu vizima vipo rafuni, vinne. Mgeni wa heshima anamiminiwa kutoka kile cha mshono.

Kuna kijana alikuja kututembelea akasema hiyo ni kama kintsugi ya Wajapani, wanaounga vyombo vilivyovunjika kwa laka na unga wa dhahabu. Picha zake nimeziona, ni nzuri kweli. Lakini nyanya hakukaa chini akasema aonyeshe ufa. Alitaka maziwa yasivuje. Alipoona mshono hauwezi kufichika ndipo akaleta shanga. Nyie wa kompyuta naona mnaanza na shanga, halafu mnatafuta ufa wa kuzishonea.

RejistaMbili

Chebet umetupiga wote kofi moja.

MchoraKondele

Nimechelewa kurudi, kulikuwa na matanga matatu mfululizo. Nimesoma kila neno. La Chebet la shanga na ufa nimelinukuu kwenye karatasi, nimebandika juu ya skrini. Maana nikiwa mkweli, wiki iliyopita nilikuwa nimeshapakua madoa ya karatasi kuukuu ili niyapake kwenye kadi ya duka la simu. Duka limefunguliwa mwezi uliopita. Nikayafuta.

Kilichobadilika kazini ni kidogo. Kabla sijagusa picha sasa namuuliza aliyeileta, "Hapa ni nini kinachokuambia ni yeye?" Watu wananyamaza kwanza, kisha wanajibu vitu ambavyo nisingevikisia. Familia moja ilisema tai. Baba yao alikuwa karani maisha yake yote na tai yake ililala upande wa kulia kila siku, mama yao aliinyoosha kila asubuhi na ikifika saa nne imeshalala. Mimi hiyo tai ningekuwa nimeinyoosha kwa sekunde tano. Mwingine alileta picha ya kaka yake akiwa hospitalini, ana mpira wa oksijeni puani. Alisema, "Huo mpira ondoa, huo si yeye." Nikauondoa, nikachukua saa mbili kuijenga upya ile pua kutoka picha nyingine tatu, na sikuona kama nimedanganya mtu.

Kivuli cha mwembe lakini ninakiacha siku zote. Sababu sina. Nakipenda tu.

Jabala, jibu lako bado sina. Ila nimeamua kujaribu kwa mlango wangu mwenyewe. FundiRangi, unaweza kufika Kisumu?

FundiRangi_Nakuru

Nina kanisa la kuandika Ahero wiki ijayo. Nitapita. Usiniandalie mchoro wa kompyuta, niambie maneno tu. Rangi ninunulie ya mafuta na tapentaini, brashi nina zangu. Na bei yangu ni ya mtu mwenye R yake.

MchoraKondele

Wadau, taarifa. Mzee alifika Jumapili, akanipeleka kwanza sokoni Kibuye akatafute kofia, akarudi saa sita, akapiga kamba. Alifanya kazi saa nne bila kushuka ngazi isipokuwa mara mbili, zote mbili kuvuka barabara na kuliangalia bango kutoka upande wa pili. Maandishi ni mekundu kwenye krimu: KADI, MABANGO NA VIJITABU, KONDELE. O imevuka kamba. R hakuna. Nililipanga neno makusudi asihangaike na kile kidole, na aliposoma alinitazama vibaya, akaniambia nimemnyima herufi yake nzuri kuliko zote. Kwa hiyo pembeni mwa mlango, ambako hatukukubaliana, ameandika KARIBU, na mguu wa hiyo R unakaribia kugusa bawaba.

E ya mwisho ya KONDELE imebanwa. Ukuta uliisha. Nilipomuuliza kama alikosea hesabu alisema K aliipenda sana akaipa nafasi.

Leo asubuhi mteja wa kwanza, dada mmoja, amesimama nje akaangalia juu. Akasema, "Hiyo E imekosa hewa." Nikamwambia ukuta uliisha. Akasema sawa, akaingia, akatoa flashi. Kadi za harusi 150, na picha ya wawili. Bwana harusi ana kovu kidevuni, kubwa tu. Nikakaa sawa, nikatoa swali langu jipya kwa adabu zote, kwamba je, hilo kovu si ndilo linalomwambia ni yeye?

"Hilo? Futa. Alilipata akitoka kulewa."

JabalaBusia

Si nilisema? Mteja akitaka, aseme. Halafu nitumie picha ya hilo bango. Na bei ya mzee.